Paka Anavuja Mkojo: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Paka mzima hukojoa kwa kuamua. Huchimba, huchuchumaa, halafu hufukia. Ukimkuta amelala kwenye kiti, akainuka na kuacha doa la maji lenye harufu bila hata kugeuka kulitazama, huyo anavuja: mkojo umemtoka bila yeye kujua. Hali hiyo ni nadra kwa paka kuliko watu wanavyodhani. Wengi wanaopelekwa kwa daktari wa mifugo kwa shtaka la "kujikojolea" wanajua vizuri wanachofanya. Mmoja kibofu kinamuuma, mwingine anakunywa maji kupita kiasi, mwingine anaweka mipaka yake ukutani. Na lipo kundi moja ambalo ukilikosea, paka anakufa ndani ya siku mbili tatu. Tunaanza na hilo.

Dume anayedondosha matone: shika tumbo kwanza

Njia ya mkojo ya paka dume ni ndefu, na karibu na ncha ya uume ni nyembamba mno. Chenga za madini, ute mzito au kijiwe vinatosha kuiziba. Figo haziachi kazi, kwa hiyo kibofu kinazidi kujaa hadi kinakaza kama mpira uliojazwa upepo, na shinikizo likizidi matone machache hupenya pembeni ya kizibo. Mwenye paka akiona matone anasema mkojo unamtoka ovyo. Kumbe hautoki.

Msimamishe paka mezani au sakafuni. Pitisha mkono chini ya tumbo, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, mbele kidogo ya mapaja ya nyuma. Papasa, usibane. Kibofu kitupu hutakipata kwa vidole. Kilichojaa kawaida ni kama ndimu, laini, kinabonyea. Ukigusa kitu cha ukubwa wa chungwa dogo, kigumu, na paka akalia au akageuka kukuuma, chukulia kwamba ameziba. Mara nyingi atakuwa pia anakwenda kwenye mchanga kila baada ya dakika chache, anajikunja muda mrefu bila kutoa kitu (watu wengi hudhani amefunga choo), na anajilamba uume bila kupumzika. Baadaye hutapika, hugoma kula, hulala ubavu na mwili hupoa.

Kinachoua ni sumu zinazorudi kwenye damu, hasa potasiamu inayopanda na kuvuruga mapigo ya moyo. Saa 24 bila mkojo kutoka ni hatari, na ikifika 48 paka wengi huwa mahututi. Kwa hiyo hii ni safari ya leo, haingoji Jumatatu.

Mambo matatu yasifanyike njiani. Usimkamue tumbo, kwa sababu kibofu kilichokaza kinaweza kupasuka. Usimpe dawa ya kukojoza, iwe kidonge cha binadamu au mizizi ya kuchemsha, kwani unaongeza maji nyuma ya kizibo. Usimmiminie maji mdomoni, maana anaweza kuyavuta mapafuni. Mweke kwenye boksi lenye matundu na kitambaa, piga simu kwanza ujue kama daktari yupo na kama ana mpira wa mkojo unaoingia kwa paka (mrija wenye unene wa kama milimita 1.2), ndipo uondoke. Kwa sisi wa mkoa wa Mwanza, walio Sengerema wamerahisishiwa safari na daraja la Kigongo–Busisi. Walio Ukerewe au Kome wanategemea ratiba ya meli na vivuko, hivyo kwao dalili ya kwanza ndiyo ya kuondokea. Kwa nyumba za milimani, kama Igogo, Mabatini na Bugarika, kuna tatizo jingine: paka mgonjwa hujichimbia kwenye nyufa za miamba na huonekana tena siku ya tatu. Ukimtilia shaka, mfungie ndani.

Kliniki watampa dripu na dawa ya kumtuliza, pengine wavute mkojo kwa sindano kupitia tumboni ili kupunguza shinikizo, kisha wapitishe mpira, waoshe kibofu na kuuacha mpira humo kwa siku 1 hadi 3. Akirudi nyumbani endelea kupapasa kibofu asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kwa kuwa wengine huziba tena katika kipindi hicho.

Paka jike huziba mara chache sana, kwa sababu njia yake ni fupi na pana.

Doa lenyewe linasema

Ukishahakikisha hajaziba, tulia utazame mkojo unapatikana wapi na kwa kiasi gani. Uchunguzi mmoja wa siku tatu una faida kuliko vipimo vingi vya kubahatisha. Mfungie paka chumba kimoja, tandika shuka jeupe kuukuu mahali anapolala, mpe beseni la mchanga, na uandike kila unachokiona pamoja na saa.

Doa chini ya tumbo mahali alipolala, manyoya ya mapaja yamelowa, na paka hana habari: huko ndiko kuvuja kwenyewe. Madoa madogo madogo, mengine na wekundu, kwenye sinki, bafuni, juu ya nguo: kibofu kinauma, na paka anakimbilia popote penye ubaridi. Dimbwi kubwa, jeupe kama maji, beseni la mchanga limelowa lote: anatengeneza mkojo mwingi, na pengine hawahi kufika. Mchirizi ukutani kwenye kimo cha mkia, harufu kali ya kukata pua: huyo ananyunyiza, na kama ni dume asiyehasiwa jibu ni kuhasi. Wengi huacha ndani ya wiki au miezi michache baada ya hapo. Asiyeguswa na lolote kati ya haya ila anakojoa kando ya beseni, litazame beseni. Pengine ni chafu, lina kingo ndefu, liko karibu na mbwa, au umebadilisha mchanga ukaweka maranda yenye harufu ya dawa ya mbao.

Manyoya yaliyolowa peke yake yanadanganya. Paka mnene au mzee asiyeweza kujilamba nyuma huonekana amelowa ingawa hukojoa kama kawaida. Ndiyo sababu ya lile shuka jeupe.

Kupima maji na kuchukua mkojo

Jaza bakuli kwa bomba la sindano la mililita 50 au 60 (lisilo na sindano) ili ujue umeweka kiasi gani. Jaza bakuli la pili lenye mdomo sawa, uliweke chumba hichohicho mahali paka hafiki. Baada ya saa 24 pima kilichobaki kwenye yote mawili. Kilichopungua kwenye la pili kimekwenda na joto, na kwa jua la Mwanza si kidogo, hivyo kitoe kwenye hesabu ya la kwanza. Paka anayekunywa zaidi ya mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku anastahili kuchunguzwa. Kwa paka wa kilo 4 ni kama mililita 200, chini kidogo ya kikombe cha chai. Anayekula chakula chenye majimaji hunywa maji machache kuliko huyo, kwa hiyo kwake hata 150 ni nyingi.

Mkojo wa kupima unachukuliwa kwa kubadilisha mchanga: osha beseni kwa maji ya moto, lisuuze mpaka sabuni iishe, weka kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa. Akimaliza, inamisha beseni uvute mkojo kwa bomba la sindano na uutie kwenye kichupa kisafi. Ufikishe ndani ya saa moja. Ukishindwa, uweke kwenye friji na umwambie anayepima kwamba ulikuwa baridini, kwa kuwa mkojo ukipoa hutengeneza fuwele (chenga za madini) ambazo hazikuwemo ndani ya paka. Mkojo wa namna hii haufai kuoteshwa vimelea, kwani umeshagusa beseni. Kwa kazi hiyo daktari huvuta kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye kibofu.

Mkia, kiuno na uti wa mgongo

Kwa paka wa mtaani kwetu, ajali ni mahali pa kwanza pa kutazama anapovuja ghafla. Mara nyingi si ajali ya kuvunja mifupa mikubwa. Tairi la bodaboda limekanyaga mkia huku paka anakimbia mbele, au mkia umebanwa na geti akajivuta. Neva zinazofungua na kufunga kibofu hutoka mwishoni mwa uti wa mgongo, jirani kabisa na zile za mkia. Mkia unapovutwa kwa nguvu, neva hizo hunyooka au hukatika, ingawa ngozi juu haina hata mkwaruzo.

Paka huyu mkia wake unaning'inia kama kamba na haupandishi hata akichokozwa. Kibofu kinakuwa kikubwa lakini laini, na ukikigusa tu mkojo unatiririka. Pengine hata choo kikubwa kinamtoka. Anaweza kutembea vizuri kabisa, jambo linalowafanya watu wasiuhusishe mkojo na mkia.

Jaribu hili kwa upole: bana ngozi ya shina la mkia, pale unapokutana na mwili, kwa vidole viwili. Akigeuza kichwa, akilia au akikupiga kofi, hisia ipo na matumaini ni makubwa. Shina likiwa limekufa ganzi, safari ni ndefu na wengine hawaponi. Neva hupona polepole, kwa hiyo kipimo kinachotumika ni mwezi mmoja: paka ambaye hajaanza kukojoa mwenyewe baada ya wiki 4 kwa kawaida hatakojoa tena mwenyewe. Mkia usio na hisia hukatwa kwa upasuaji kwa sababu unajiburuza, unachafuka na uzito wake unaendelea kuvuta neva zilizobaki.

Jeraha likiwa juu zaidi, mgongoni, picha inabadilika. Miguu ya nyuma inalegea au inakakamaa, na kibofu kinakuwa kigumu kukamua kwa sababu mlango wake umekaza. Mkojo hutoka kwa kushtukia, kidogo kidogo, kikishajaa mno. Ndiyo maana daktari anapapasa kibofu kabla ya kuandika dawa. Kilicholegea hupewa dawa ya kukikaza, kama bethanekoli, na kilichofungwa hupewa ya kulegeza mlango, kama prazosini. Ukimpa bethanekoli paka ambaye mlango umefunga, unasukuma maji kwenye ukuta.

Tahadhari moja ya hapa kwetu. Paka asiyechanjwa aliyelegea miguu ya nyuma ghafla bila ajali, sauti imebadilika, udenda unamtoka, usimpapase wala usimfungue mdomo. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Akishakuuma au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo.

Jinsi ya kumkamua paka asiyeweza kukojoa mwenyewe

Hii hufanywa baada ya daktari kuhakikisha njia haijaziba na nyonga haijavunjika, na baada ya yeye mwenyewe kukuonyesha kwa mkono. Maandishi peke yake hayatoshi.

1. Msimamishe juu ya beseni tupu au mlaze ubavu kwenye taulo. Mtu wa pili ashike mabega, asishike shingo kwa kumkaba.
2. Mkono mmoja, au miwili kwa paka mkubwa, upite pande zote mbili za tumbo mbele ya mapaja. Tafuta kitu cha duara kinachoteleza kama puto lenye maji.
3. Kikamate kwa viganja na matumbo ya vidole. Ncha za vidole zinaumiza na zinafanya damu ivilie.
4. Bana taratibu ukielekeza nguvu nyuma, upande wa mkia. Usipampu. Nguvu iwe moja, endelevu, mpaka mkojo uanze.
5. Ukianza, fuata kibofu kinavyopungua mpaka kibaki kama kokwa ya embe dogo, halafu achia.
6. Ukikaza kiasi na hakuna kinachotoka, acha. Subiri nusu saa ujaribu tena. Ikigoma mara ya pili, rudi kwa daktari.

Fanya mara 3 kwa siku, kila baada ya saa 8, na 4 ni bora zaidi mwanzoni. Paka hutengeneza kama mililita 20 hadi 40 kwa kilo kwa siku, kwa hiyo paka wa kilo 4 akikamuliwa mara 3 atatoa takriban mililita 25 hadi 55 kila safari. Pima siku za mwanzo. Ukipata 10 tu kila mara wakati anakunywa vizuri, unaacha mkojo ndani, na mkojo unaobaki ndio unaozaa maambukizi.

Kosa linalorudiwa ni kuona anavuja ukafikiri kibofu kinajimaliza chenyewe. Kinachovuja ni ziada tu ya kilichojaa. Ukuta wa kibofu uliokaa umenyooka siku nyingi hupoteza nguvu ya kujikunja, hata neva zikirudi. Hilo hilo huwapata madume waliowahi kuziba: njia imefunguliwa, ila misuli imechoka, na kwa siku kadhaa au wiki wanavuja. Wanahitaji kibofu kitupu ili kipumzike.

Waliozaliwa hivyo, na sababu za nadra

Mtoto wa paka ambaye tangu ulipomchukua chini ya mkia huwa amelowa, na wakati huohuo anakojoa kawaida kwenye mchanga, huenda mrija mmoja kutoka kwenye figo umeungana mahali pasipo pake, ukapita kibofu na kumwaga moja kwa moja kwenye njia ya mkojo. Hutokea mara chache, na tiba yake ni upasuaji. Aliyezaliwa bila mkia kabisa, kama wale wa jamii ya Manx, anaweza kuwa amezaliwa pia na mwisho wa uti wa mgongo usiokamilika. Huyo huvuja mkojo na choo maisha yote na hakuna upasuaji wa kumrudishia.

Mlango wa kibofu kulegea wenyewe, jambo linalojulikana sana kwa mbwa majike waliofungwa kizazi, kwa paka ni nadra. Usikubali kuelezwa haraka kwamba "ni kwa sababu alifungwa kizazi" kabla mengine hayajachunguzwa. Virusi vya lukemia ya paka navyo vimehusishwa na kuvuja, hasa kwa paka anayevuja akiwa usingizini na mwili unapungua. Kama kliniki ina kipimo cha haraka cha damu, inafaa kukitumia, kwa sababu virusi hivyo huambukizwa kwa mate na paka wenzake wanakula bakuli moja. Mzee mwenye damu kwenye mkojo isiyokoma apigwe ultrasaundi kutafuta uvimbe kwenye shingo ya kibofu.

Wanaofanana na wavujaji

Kibofu kuuma bila vimelea. Kwa paka wa chini ya miaka 10 wenye shida ya mkojo, zaidi ya nusu hupatikana na uvimbe wa kibofu usio na sababu inayoonekana, unaochochewa na mfadhaiko: paka mpya, ujenzi, mtoto mchanga, jirani aliyeleta mbwa. Huisha wenyewe ndani ya wiki moja hivi, na ndiyo sababu antibayotiki hupata sifa isiyostahili. Unampa vidonge siku 5, anapona, unasema dawa imefanya kazi. Vimelea hasa ni wachache kwa paka wadogo na huongezeka kwa wazee, wenye kisukari na wenye figo mbovu. Tiba ya hali hii ni maji mengi mwilini, dawa ya maumivu anayoiandika daktari, mahali pa kujificha na mahali pa juu pa kukaa, na mabeseni ya mchanga yanayozidi idadi ya paka kwa moja.

Mawe, na hapa tuongee kuhusu dagaa. Paka wa Mwanza hula dagaa wakavu kutoka soko la Mwaloni Kirumba, mapanki (mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa), na vichwa vya sangara. Dagaa akiwa mkavu huliwa na mifupa yake yote, na mapanki ni mifupa zaidi ya nyama. Kote humo kuna fosforasi na magnesiamu nyingi na maji karibu hakuna. Paka kwa asili si mnywaji, anategemea maji yaliyo ndani ya chakula. Madini mengi kwenye mkojo mchache mzito ndipo fuwele zinapoanza. Huna haja ya kumnyima dagaa. Ondoa mchanga kwenye dagaa, osha mara mbili, chemsha dakika 10 hadi 15 bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu (vitunguu huharibu damu ya paka), halafu mpe pamoja na mchuzi wake, mchuzi ukiwa mwingi kuliko dagaa. Changanya na minofu na ini kidogo. Dagaa wa chumvi waloweke na umwage maji. Bakuli la maji liwe pana, mbali na chakula, na ziwe mbili au tatu nyumbani.

Mawe ya struvaiti yanaweza kuyeyuka kwa chakula maalumu ndani ya wiki kadhaa. Ya oksaleti hayayeyuki, hutolewa kwa upasuaji. Kuyatofautisha kunahitaji eksirei na kipimo cha mkojo, hivyo anayekuuzia dawa ya "kuyeyusha mawe" bila picha anauza bahati.

Mkojo mwingi. Figo zinazochoka, kisukari, na kwa wazee tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi: wote hunywa sana, hukojoa madimbwi na hukonda. Mwenye kisukari na mwenye tezi hukonda huku anakula vizuri, wa figo kwa kawaida hula kwa kuchagua. Sukari ya paka hupanda kwa hofu tu ya kushikwa, kwa hiyo namba moja kubwa kwenye damu haitoshi. Sukari ikionekana na kwenye mkojo, hapo ni jambo jingine.

Mzee mwenye viungo vinavyouma anajua beseni liko wapi, ila kupanda ukingo wa sentimita 15 ni kazi. Kata upande mmoja wa beseni ubaki sentimita 5 na tatizo linaweza kuisha siku hiyo.

Kwa daktari

Nenda na daftari lako, namba za maji, picha ya video ya simu akikojoa au akiinuka alipolala, na kichupa cha mkojo. Uliza kama aliyekuhudumia ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Afisa mifugo wa kata ana ujuzi wake wa ng'ombe na kuku, lakini kuweka mpira kwa paka ni kazi ya kliniki. Sampuli zinazohitaji maabara zinaweza kuelekezwa kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo Mwanza, na upasuaji mgumu kama ule wa mrija wa figo huulizwa Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Mpangilio unaoeleweka ni huu: kupapasa kibofu kabla na baada ya kukojoa, kupima hisia za mkia na sehemu ya haja, mkojo, damu ya figo na sukari, halafu picha. Vijiti vya kupimia mkojo vilivyotengenezwa kwa binadamu vinasaidia kwa sukari na damu, lakini kisanduku cha chembe nyeupe hudanganya kwa paka, na cha uzito wa mkojo hakiaminiki. Uzito upimwe kwa rifraktomita: juu ya 1.035 figo zinakaza mkojo inavyotakiwa.

Dawa zilizoko kabatini kwako ziache huko. Panadol inaua paka, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha. Diklofenaki na ibuprofeni huharibu figo. Vidonge vya njia ya mkojo vinavyobadilisha rangi ya mkojo kuwa bluu au machungwa huvunja chembe za damu yake.

Kumtunza anayeendelea kuvuja

Ngozi iliyolowa mkojo huungua kama ya mtoto aliyeachwa na nepi. Nyoa manyoya ya mapaja na chini ya mkia, osha kwa maji ya vuguvugu mara 2 kwa siku, kausha kwa kugandamiza kitambaa, paka mafuta ya mgando kwa wembamba. Krimu za watoto zenye zinki usitumie, atazilamba na ni sumu. Dettol na dawa zinazofanana nayo zisimguse kabisa, hata zikichanganywa na maji.

Nzi ni hatari kuliko wanavyoonekana. Wanataga kwenye manyoya yenye mkojo, na ndani ya siku moja funza wanakuwa wameshaingia kwenye ngozi laini. Kagua chini ya mkia kila asubuhi na jioni, na alale ndani au kwenye chandarua.

Pampasi ya mtoto mchanga yenye tundu la mkia inasaidia ukiwa na wageni, si ya kukaa nayo usiku kucha. Ibadilishwe kila baada ya saa 3 au 4. Kwenye tandiko, weka gunia safi chini, taulo juu. Sakafu na godoro suuza kwanza kwa maji mengi, kisha sabuni ya unga ya kufulia iache dakika 15. Usimwagie Jik juu ya mkojo mbichi, mvuke wake unawasha macho na kifua, na dawa za kusafishia zenye amonia zinanukia kama mkojo kwa pua ya paka, hivyo atarudi palepale. Mjamzito asisafishe beseni la mchanga.

Paka ambaye mwezi umepita na bado anakamuliwa anaweza kuishi miaka akiwa na furaha yake, mradi kibofu kisibaki na mkojo. Mpime uzito kila wiki. Mkojo ukibadilika kuwa na ukungu, damu au harufu mpya, upelekwe kuoteshwa siku hiyo, na hata ukiwa safi upimwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kabla ya kukubali kazi hiyo, amueni nyumbani nani anakamua saa 12 asubuhi, nani saa 8 mchana watu wakiwa kazini, na nani saa 4 usiku. Kama zamu ya mchana haina mwenyewe, mwambieni daktari mapema, figo zikiwa bado nzima, ili mzungumze kuhusu kumtafutia nyumba nyingine au kumpumzisha bila maumivu.